Luanza: Kanisa la Waliokimbia

Ng'ambo ya Nchelenge nchini Zambia, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, kuna Luanza. Misheni hiyo iko juu ya genge linalotazama maji, na ilianza katikati ya miaka ya 1890. Historia nyingi za misheni humtanguliza mzungu aliyejenga. Ya Luanza haina budi kuwatanguliza waumini, maana ndio waliofika wakiwa na shida.

Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri, Mnyamwezi aliyeitawala Garenganze kutoka Bunkeya, aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Dola ikasambaratika, njaa ikaingia. Watumwa waliotekwa huku na huko wakabaki hawana mbele wala nyuma: bwana hayupo, na kwao hawakujui tena. Baadhi yao walimfuata Dan Crawford, kijana wa Kiskoti wa madhehebu ya Plymouth Brethren aliyeingia Bunkeya mwaka 1890. Wakampa jina Konga Vantu, mkusanya watu.

Ziwani wakaanza upya. Watu wa makabila yaliyokuwa yakiuzana jana, sasa walijenga mtaa mmoja, wakaketi darasa moja, wakaimba pamoja Jumapili. Crawford hakuwa malaika. Mji aliuendesha kama chifu, na neno lake lilikuwa amri. Lakini hakuwakimbia. Alikaa miaka 22 bila kurudi kwao. Agano Jipya katika Kiluba likatoka mwaka 1904, na Biblia nzima baadaye.

Mwaka 1926, usiku mmoja, Crawford aligonga mkono kwenye rafu kando ya kitanda chake. Jeraha dogo tu, la kupuuzwa. Likaoza, na tarehe 3 Juni akafariki palepale Luanza. Kanisa halikufa naye: mpaka leo makanisa yaliyotokana na kazi hiyo huko Katanga yanabeba jina la Garenganze, ile nchi iliyovunjika.

Safari hii wimbi la wakimbizi limegeuka. Kuanzia Agosti 2017, maelfu ya Wakongo kutoka Haut-Katanga na Tanganyika walivuka mpaka kuingia Zambia wakikimbia vita. Walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, kisha Januari 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa humuhumu wilayani Nchelenge. Wengi wao wanasali kwa Kiswahili.

Wazee wa makanisa ya Nchelenge na Kashikishi, ombi letu ni dogo. Akiingia Jumapili mama wa Mantapala, mtoto mgongoni na Kibemba chake cha kubabaisha, asionyeshwe benchi la nyuma. Aulizwe jina lake, apewe nafasi ya kuanzisha wimbo kwa lugha yake, na ibada ikiisha asiachwe aondoke peke yake.