Reli ya Nairobi–Thika

Reli ya Nairobi–Thika ni njia ya treni inayopita Githurai, Kahawa na Ruiru hadi Thika, Kaunti ya Kiambu. Ilifunguliwa mwaka 1913 ikiitwa Tramu ya Thika, jina la ajabu kidogo, maana ilikuwa reli kamili ya upana wa mita moja. Kufikia 1931 ilikuwa imefika Nanyuki.

Kwingineko, reli zisizotumika tena zimepewa kazi nyingine: mji wa Paris uligeuza reli yake ya zamani iliyoinuliwa kuwa bustani ya matembezi mwaka 1993. New York ikafuata mwaka 2009 kwa High Line, yenye urefu wa kilomita 2.3 hivi, ambako treni ya mwisho ilipita 1980. Huko watu hutembea kati ya maua, magari yakipita chini yao.

Ruiru na Thika hazina bustani ya namna hiyo. Hata hivyo wenyeji hutembea kandokando ya reli kila siku, na Githurai wachuuzi hupanga nyanya na mitumba karibu kabisa na mataruma. Honi ikilia, bidhaa huondolewa haraka. Treni ikipita, biashara huendelea. Ni matembezi yenye msisimko, lakini si salama.

Sehemu ya Thika–Nanyuki, iliyokuwa imemezwa na magugu, ilikarabatiwa, na abiria wakarudi Desemba 2020. Treni za abiria za Nairobi nazo hufika Ruiru. Kwa hiyo reli hii haijastaafu, na bustani haiwezi kujengwa juu yake wakati treni bado zinapita.