Utarajali na fildi

"Utarajali" ni kazi ya mwaka mmoja anayoifanya daktari mpya chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Sikio husikia humo kitenzi "taraji". Wanafunzi wa saikolojia tiba, fani inayofundishwa Muhimbili kwa shahada ya uzamili, mafunzo yao ya kazini huyaita "fildi", na kwenye maandishi "mafunzo kwa vitendo". Si kitu kimoja: fildi imo ndani ya masomo, utarajali huja baada ya masomo. Mwanafunzi akipangiwa hospitali kama Haydom, wilayani Mbulu, anaweza kukutana na mama wa Endagikot, wilayani humo, anayeeleza huzuni yake kwa Kiiraqw, polepole, macho chini. Hapo "vitendo" ni kusikiliza, mkalimani akiwa kando, kisha kumpelekea msimamizi maelezo. "Fildi" ni neno dogo mno kwa kazi hiyo.