Kuchaguliwa na jimbo: kutoka Gishari ya 1937 hadi barua za Kanada

MUNIGI – «Papa mwandishi, hii ndiyo visa?» Fundi umeme mmoja wa hapa Munigi aliniuliza hivyo juma lililopita, akinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa barua ya jimbo moja la Kanada, yenye jina la mtu mwingine. Komisioneri mmoja wa mjini Goma alimtumia kama mfano, akimwomba dola 400 ili naye apate ya kwake. Vijana wanaita barua hiyo nominasyoni, yaani uteuzi wa jimbo.

Nilimjibu kwamba ile si visa, na kwamba hakuna jimbo linalouza barua kupitia mtu wa barabarani. Lakini swali lake lilinirudisha mbali. Sisi wakaaji wa Kivu tunalijua jambo hili la serikali kuchagua watu wa kuhamia katika jimbo. Lilifanyika hapa kwetu, na matokeo yake tunaishi nayo hadi leo.

Mwaka 1937 utawala wa Wabelgiji ulianzisha Misheni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, kwa kifupi MIB. Sababu zilikuwa mbili. Rwanda ilikuwa na watu wengi na ilikuwa imepigwa na njaa. Upande wa Kivu, wazungu wenye mashamba ya kahawa na pareto walitafuta mikono ya kazi. Tangu 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu, CNK, ilikuwa imepewa mamlaka juu ya ardhi nyingi kwa ajili ya masetla. Basi familia zikaandikishwa, zikavushwa mpaka, zikapangwa Gishari katika Masisi, kwenye ardhi ya Bahunde. Kazi hiyo ilisimama wakati fulani, ikarudi kwa nguvu baada ya vita vya pili vya dunia, ikaisha 1955. Wanahistoria wanataja jumla ya watu karibu 85,000.

Tuseme wazi, ili mtu asitumie historia hii vibaya: si kila anayesema Kinyarwanda katika Kivu aliletwa na MIB. Wengine walikuwa Rutshuru na kwingineko kabla wazungu hawajakata mpaka mwaka 1910. Hapa nazungumzia wale tu walioandikishwa na utawala.

Ni nani aliwaita? Utawala. Ni nani aliwachagulia mahali pa kukaa? Utawala. Lakini ni karatasi gani waliyopewa mkononi? Hapo ndipo penye jeraha. Rwanda ilikuwa chini ya Ubelgiji kwa dhamana ya Shirika la Mataifa, Kongo ilikuwa koloni kamili. Watu walitolewa upande mmoja wakapelekwa upande mwingine, na hakuna aliyewaandikia waziwazi kwamba kesho, bendera ikibadilika, watakuwa raia wa wapi. Bahunde nao, ambao ardhi yao ilichukuliwa, hawakupewa neno la mwisho. Wahamiaji walipewa utawala wao wa kimila Gishari, kisha mwaka 1957 ukafutwa.

Baada ya uhuru deni hilo likaja kudaiwa. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakikaa Kivu kabla ya Januari 1, 1950. Sheria ya 1981 ikageuza mambo: ikadai kabila la mtu liwe lilikuwa katika nchi hii tangu Agosti 1, 1885. Mtu aliyelala raia akaamka bila uraia. Mwaka 1993 watu wakauana Walikale na Masisi. Sheria ya 2004 ilirudisha tarehe kwenye uhuru, Juni 30, 1960, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika.

Kongo ikiwa nchi huru nayo iliita wageni, safari hii kwa ajili ya ujuzi. Mwaka 1960 Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata thelathini. Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, shule na hospitali zilibaki bila watu. Umoja wa Mataifa ukasaidia kutafuta walimu, waganga na mainjinia waliojua Kifaransa, na wengi wakatoka Haiti, wakikimbia udikteta wa Duvalier. Wazee waliosoma miaka ile bado wanakumbuka walimu wao wa Kihaiti. Mtengenezaji wa filamu Raoul Peck alikulia Kinshasa kwa sababu wazazi wake walikuja kwa njia hiyo.

Leo mkondo umegeuka. Waganga wetu, mafundi na walimu ndio wanaotafutwa, na Kifaransa tulichoachiwa na koloni kimekuwa mtaji. Ndiyo maana majimbo ya Kanada yanatajwa sana hapa Munigi.

Ule mfumo nao una historia yake. Katiba ya Kanada ya 1867, kifungu cha 95, iliruhusu majimbo nayo yatunge sheria za uhamiaji, lakini kwa miaka mia moja serikali kuu ilishika karibu kila kitu. Mwaka 1967 Kanada ilianza kuchagua wahamiaji kwa pointi: masomo, kazi, lugha, umri. Mwaka uliofuata Québec, iliyoogopa Kifaransa chake kumezwa, iliunda wizara yake ya uhamiaji. Kwa mapatano ya 1978 na ya 1991 ikapata haki ya kuchagua yenyewe wafanyakazi wake. Anayekubaliwa anapewa cheti cha kuchaguliwa, kisha serikali kuu inapima afya yake na usalama.

Majimbo mengine yakafuata kwa njia yao. Manitoba, iliyokuwa ikikosa wafanyakazi, ilianza mwaka 1998 kuteua watu wake. Sasa karibu majimbo yote yana programu hiyo, na pia New Brunswick, jimbo pekee lenye lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa. Tangu 2015, katika mfumo wa serikali kuu unaoitwa Express Entry, uteuzi wa jimbo unampa mwombaji pointi 600 za ziada. Ni nyingi kiasi kwamba zinamweka juu ya foleni.

Kwa hiyo barua ya jimbo ni neno la jimbo kwamba huyu tunamhitaji. Kibali cha kukaa daima kinatoka kwa serikali kuu, na inaweza kukataa. Kwetu ni vilevile: Katiba ya 2006, kifungu cha 202, inaacha uraia, pasipoti na visa mikononi mwa Kinshasa. Gavana hawezi kumpa mtu visa.

Je, jimbo linaweza kurudi nyuma? Ndiyo. Mwaka 2019 Québec ilitunga sheria iliyofuta maelfu ya mafaili yaliyokuwa yakingoja, mengine kwa miaka. Kwa mwaka 2025 Kanada ilipunguza nafasi za uteuzi wa majimbo hadi 55,000, nusu ya zile zilizopangwa mwaka uliotangulia. Watu walikuwa wameuza shamba na kulipa mitihani ya lugha, kisha hesabu ikabadilishwa mbali na wao. Sisemi hayo ni sawa na ya Gishari. Anayeomba leo anaomba kwa hiari, na akifika anapata karatasi inayoweza kumfikisha kwenye uraia. Hiyo ndiyo tofauti kubwa. Lakini swali la kuuliza ni lilelile ambalo watu wa 1937 hawakupewa nafasi ya kuuliza: unaponiita, unaniandikia nini?

Kwetu kuna ugumu mwingine. Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mtu anayetaka kulipia faili au kutafuta pasipoti alilazimika kuvuka mipaka. Na sisi wa Nyiragongo tuna adui wa karatasi asiyejulikana kwingine: volkano. Januari 2002, na tena Mei 22, 2021, moto wa mlima ulimeza nyumba pamoja na diploma zilizokuwa ndani. Jimbo la mbali linataka kuona diploma, na diploma iko chini ya mawe.

Ndiyo hali ya yule fundi. Nyumba ya wazazi wake iliungua 2021, na diploma yake ya Serikali pamoja nayo. Nilimshauri aweke mfukoni zile dola 400, asome masharti kwenye ukurasa rasmi wa jimbo lenyewe, na aanze na kitu kimoja tu: shule aliyomalizia, wampe ushahidi wa masomo yake.

Jana alinipigia simu. Prefe wa shule amepata jina lake katika daftari la palmaresi. Ameombwa arudi Jumatatu na picha mbili za pasipoti.