Jalada la Kazi Mtandaoni

Jalada la kazi mtandaoni ni mkusanyo wa kazi teule za mtu, uliowekwa katika tovuti ili mwajiri, mteja au mshirika, popote alipo, aupime ustadi wa mwenye kazi kwa macho yake badala ya kuupokea kwa habari za kuambiwa. Lina udugu na wasifu, lakini halifanani nao: wasifu hutaja shule, vyeo na miaka, na msomaji hulazimika kuamini, ilhali jalada huiweka kazi yenyewe mbele yake, naye akawa hakimu. Kwa sababu hiyo limekuwa tegemeo kubwa la watu ambao ustadi wao haukupitia mlango wa chuo, kama mpiga picha aliyejifunza kwa kumbebea vyombo mpiga picha mwingine, fundi cherehani mwenye mishono ya peke yake, au kijana aliyejifundisha kuandika programu usiku kwa kompyuta ya kuazima.

Desturi ya fundi kutembea na ithibati ya kazi yake ni kongwe kuliko mtandao kwa karne nyingi. Katika karne ya 13 Villard de Honnecourt, mtu wa Picardie kaskazini mwa Ufaransa, alijaza michoro ya makanisa, mitambo, wanyama na watu katika kitabu cha ngozi, ambacho karatasi zake 33 zimesalia na kuhifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris. Yapata mwaka 1482 Leonardo da Vinci alitungiwa au alitunga waraka kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, ulioorodhesha madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, magari ya vita yaliyofunikwa na njia za kubomoa ngome. Uchoraji, ambao ndio ulimwengu unaomkumbukia zaidi, ukatajwa mwishoni. Mpango huo haukuwa wa nasibu, maana aliyekuwa akiandikiwa alikuwa na maadui mipakani, na haja ya anayeandikiwa ndiyo iliyoamua kipi kitangulie. Waraka ule uliahidi tu, wala haukuonyesha. Lakini adabu yake ya kuanza na haja ya mwenzio ingali funzo kwa kila atungaye jalada leo.

Mlango wa zama hizi ulifunguliwa na Tim Berners-Lee, aliyependekeza mtandao wa tovuti mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na Geneva, na maabara hiyo ikautoa bure kwa walimwengu tarehe 30 Aprili 1993. Baadaye zikaja nyenzo zilizomwondolea mtu ulazima wa kujua ufundi wa kompyuta: WordPress mwaka 2003 kwa waandishi, na Behance, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2012, kwa wasanii wa picha na michoro. Waandishi wa programu walipata GitHub mwaka 2008.

Jambo la kwanza katika kutunga jalada ni uteuzi, na hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa mtu huipenda kila kazi iliyomtoa jasho. Mwenye kuajiri aghalabu hana wasaa. Akikuta picha mia mbili zisizopangwa hatazitazama zote, na huenda ile atakayoiangukia ikawa dhaifu kuliko zote. Kwa rai ya mwandishi, kazi sita hadi kumi zilizoteuliwa kwa insafu zinatosha, nazo ziwe za aina ile ambayo mtu anataka kupewa tena, si za ile aliyoifanya kwa shida ya siku na asingependa kuirudia.

Lakini kazi tupu, hata ikiwa nzuri namna gani, husema nusu ya habari. Tuchukue mfano wa msanifu aliyechora bango la chanjo kwa ajili ya zahanati. Bango lililokamilika humwonyesha mtazamaji rangi na herufi tu. Bali msanifu akieleza kwamba zahanati ilitaka kina mama walielewe wakiwa wamesimama katika foleni, kwamba mchoro wa kwanza ulikataliwa kwa sababu herufi zilikuwa ndogo na maneno mengi, kwamba aliyapunguza akaweka picha ya kadi ya kliniki wanayoifahamu, basi mwajiri huona kitu ambacho hakuna cheti kinachoweza kukionyesha, nacho ni jinsi akili ya mtu huyu inavyofanya kazi pale mambo yanapokataa. Mchoro uliokataliwa, ambao wengi huuficha kwa haya, hustahili kuwekwa pembeni mwa ule uliokubaliwa.

Maelezo hayo yana sharti moja lisilo na msamaha, nalo ni ukweli. Kazi nyingi za leo ni za pamoja, na aliyechora dirisha hawezi kudai nyumba. Mtu ataje sehemu yake bayana, na awataje wenzake kwa hisani. Hapungukiwi, kwa maana mwajiri mwenye busara anatafuta pia mtu anayeweza kufanya kazi na watu. Waandishi wa programu wana bahati hapa, kwa kuwa Git, chombo alichokiunda Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake.

Swali gumu zaidi ni la yule ambaye bado hajaajiriwa na mtu, ambaye huambiwa alete uzoefu ili apate kazi, na uzoefu wenyewe haupatikani bila kazi. Jawabu lake ni kazi za hiari zinazofanyika hadharani. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa, walipima barabara, mitaro na nyumba za kata zinazokumbwa na mafuriko, na kuziingiza katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004. Kila mstari katika ramani hiyo una kumbukumbu ya mchoraji wake. Kijana aliyechora mitaro ya Tandale anayo ithibati ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuikagua, na faida yake haikuishia kwake. Vivyo hivyo kwa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ambamo mhariri au mtafsiri chipukizi huacha historia ya kila sentensi aliyoirekebisha.

Yapo mambo ya sheria yasiyofaa kupuuzwa. Kazi iliyofanywa kwa mshahara kwa kawaida ni mali ya mwajiri, isipokuwa pawe na mapatano mengine, hivyo idhini huombwa kabla ya kuionyesha. Na mtafsiri aliyekabidhiwa hati za siri za mteja hana ruhusa ya kuzitangaza, ila anaweza kutafsiri maandishi yaliyo wazi kwa umma na kuyaonyesha hayo. Picha ya bibi harusi ni amana, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote alizopata kupiga mpiga picha. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasipo sheria, faragha ya mtu ni haki yake.

Uzito wa kurasa nao uangaliwe, maana wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hufungua tovuti kwa simu na kwa bando la kununua. Kwa hiyo picha ya megabaiti tano ipunguzwe hadi kilobaiti mia mbili au tatu.

Mwisho kuna suala la mahali. Majukwaa ya bure hurahisisha mwanzo, lakini mpangaji hana amri juu ya nyumba: GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kununuliwa na Yahoo mwaka 1999, ilifungwa nchini Marekani Oktoba 2009 pamoja na kurasa za mamilioni ya watu, na mwaka 2019 Myspace ilikiri kupoteza nyimbo zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016. Kwa hiyo mwenye uwezo na asajili jina lake mwenyewe la tovuti, ambalo kwa Tanzania huishia na .tz na kwa Kenya .ke, kisha majukwaa ayatumie kama njia za kumleta mgeni kwake. Jina hilo hulipiwa kila mwaka, na likisahauliwa mtu mwingine anaweza kulichukua. Nakala za kazi zote, pamoja na makala zilizochapishwa katika magazeti ya mtandaoni ambayo viungo vyake huweza kukatika wakati wowote, zihifadhiwe katika diski ya mwenyewe, na kurasa zake ziwekwe pia katika Wayback Machine, ghala la kurasa za tovuti lililo wazi kwa umma tangu mwaka 2001.