Pesa ya kuanza biashara: kwa nini 1973 bado inatuhusu

Ndugu zangu wenye dipolome, na ninyi mungali mu auditoire, swali ni lile lile kila mwaka: pesa ya kuanza biashara itatoka wapi? Tunajaza dosye, tunaandika plan d'affaires, tunangoja. Na tukichoka kungoja tunasema: inchi hii haijawahi kumupa mtoto wake kapitali. Hapo tunakosea. Iliisha kumupa, tena kwa wingi ambao hakuna proje ya leo inaufikia.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Conseil législatif akatangaza kwamba mashamba makubwa, mashirika ya mifugo, magazini na biashara nyingine za wageni zitapita mikononi mwa raia wa Zaire. Wageni wenyewe walikuwa Wagiriki, Wareno, Wabelgiji, Wahindi na Wapakistani. Ndiyo ile Zairianisation ambayo wazee wetu wanaitaja mpaka leo huku wakitikisa kichwa. Inakadiriwa kwamba biashara kati ya 1500 na 2000 zilibadilisha mwenyewe.

Tuhesabu kidogo. Mtu asiye na kapitali anapewa magazini yenye stoki, makamyo, wafanyakazi na wateja. Bei yake atailipa pole pole kwa miaka 10, kwa faida ya biashara yenyewe. Hakuna garanti, hakuna pesa ya mbele. Nani kati yetu amekwisha kuona mkopo wa namna hiyo?

Waliopewa waliitwa acquéreurs. Wakubwa wa chama na wa jeshi, makomisere na watu wa jamaa yao walichukua nyama, mifupa ikabakia kwa wadogo. Mobutu mwenyewe alikusanya mashamba ya zamani ya Wabelgiji, yakawa kampuni ya CELZA. Lakini mimi sioni kwamba upendeleo peke yake ndio uliua mambo. Kuko inchi ambamo wapendelewa walipewa mali na wakaizalisha.

Jambo kubwa liko hapa: acquéreur wengi waliona stoki ya mu magazini kama mshahara. Waliuza kilichokuwa juu ya rafu, pesa wakaila, na siku rafu ilibakia wazi walienda kununua ingine. Wakakuta mlango umefungwa. Mgiriki aliyeondoka alikuwa anapewa bidhaa kwa deni, sababu muuzaji wa jumla alimujua tangu miaka, alijua atalipa mwisho wa mwezi. Yule deni ndiye alikuwa kapitali ya kweli ya ile nyumba. Leta iliweza kunyanganya jengo na ufunguo. Jina la mtu kwa muuzaji wake haikuweza kulihamisha. Kwa hiyo mu miji mingi chumvi, sabuni na vitambaa vilipotea sokoni, na wafanyakazi walikaa bila kulipwa.

Tuwe wa haki: mwaka 1974 bei ya shaba ilianguka duniani, na ile iliumiza kila mtu. Lakini tayari tarehe 30 Desemba 1974 Mobutu alikuwa anabadilisha njia, Leta ikachukua biashara kubwa mkononi mwake yenyewe. Haikusaidia. Mwisho wa 1975 akaanza kuwaita wenyewe wa zamani warudi. Mu 1976 waliruhusiwa kurudishiwa kwanza 40%, halafu 60%. Wengi hawakurudi tena.

Sasa mambo yanayonifurahisha zaidi. Katika miaka ile ile, kuko watu ambao hawakupewa kitu na wakakua. Mtafiti Janet MacGaffey alienda Kisangani, akaandika juu yao kitabu kilichotoka 1987. Alikuta pale wafanyabiashara wasio na cheo chochote cha siasa, wanaume na wanawake, waliojenga biashara yao kwa akiba na kwa jamaa. Kati yao kulikuwa Wanande waliotosha maharagi na mboga Kivu ya Kaskazini wakauza Kisangani. Wale acquéreurs waliowazunguka walikuwa wanaanguka mmoja mmoja.

Ukifuata wale Wanande mpaka kwao Butembo, utaona namna pesa ilivyotembea bila banki. Miaka ya 1980 makamyo yalishuka na kahawa mpaka Kenya, yakarudi na vipande vya magari, mafuta na vifaa vya kujengea. Baadaye safari ikawa Dubai, halafu Guangzhou. Mtu mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo wanachanga: mmoja anasafiri na pesa ya wengi, ananunua kwa ajili ya wote, kontena inashukia Mombasa, inapita Kampala, inaingilia Kasindi. Kijana anaanza kwa kuuza mali ya mkubwa wake. Akirudisha hesabu sawa, msimu unaofuata anapewa nyingi zaidi. Akila pesa, habari inafika mu nyumba zote kabla ya jua kutua, na hakuna mwingine atamupa. Hiyo ndiyo garanti yao, na inauma kuliko ya banki.

Tusiwasifu kupita kiasi lakini. Ile njia iko na mlango mwembamba. Inakutaka uwe mtoto wa fulani, wa kanisa fulani, wa kilima fulani. Kijana aliyetoka mbali na akili yake tu, hapana. Na banki nayo ilikuwa na mlango wake: Code de la famille ya 1987 ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa tendo lolote la sheria linalomufunga. Kukopa kwa jina lake kulikuwa ndani. Sharti hilo lilitoka mu sheria mwaka 2016 tu, yaani wengi munaosoma hapa mulikuwa mumekwisha kuzaliwa. Mama zetu waliofanya likelemba sokoni hawakuwa wanakataa banki juu ya ushamba.

Halafu miaka ya 1990 ikaja kuharibu kile kidogo kilichobakia. Mu 1990 na 1991 watu wa Kinshasa na miji mingine walipeleka akiba kwa Bindo Promotion na wenzake, waliokuwa wanaahidi kurudisha mara nyingi zaidi baada ya wiki chache tu. Ikaanguka. Septemba 1991 uporaji, Januari 1993 uporaji tena. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Aliyekuwa na makuta kwenye banki alibakia na karatasi. Tangu wakati ule watu wanaweka kwa dolari, wanatosha upesi, na banki isiyo na akiba ya kukaa haiwezi kukupa mkopo wa miaka mitano. Ndiyo maana inakukopesha kwa miezi, inakuuliza certificat d'enregistrement ya kiwanja, na wewe unakaa kwa kupanga.

Leta haikulala kabisa. Mu 1989 iliunda FPI, Fonds de Promotion de l'Industrie, inayokula kodi ya 2% juu ya bidhaa zinazotoka inje na juu ya zile viwanda vya hapa vinatengeneza. Kwa hiyo hata wewe, kila siku unapotumia sabuni ya Uganda iliyopita duwane, umeisha kuchangia. Pesa hiyo ilikopeshwa wengi, na deni zisizorudishwa ni hadithi ndefu inayozungumzwa wazi. Ukiangalia karibu ni ndugu wa ile ya 1973: mkopaji alimuhofia aliyemusainia karatasi, hakumuhofia mwenye pesa.

Mu 2018 ilikuja proje PADMPME ya Banki ya Dunia, dolari milioni 100, na shindano lake la plan d'affaires lililogusa Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma. Jihusishe na mashindano kama hayo yakirudi, hakuna aibu. Lakini fungua pia macho kwa FOGEC, mfuko wa garanti uliowekwa mu 2020. Huu haukupi pesa mkononi. Unasimama nyuma yako mbele ya banki, ule mahali ambapo kule Butembo kungesimama mjomba. Anayetoa pesa anabakia banki ao mikrofinansi, na mwisho wa mwezi yeye ndiye atakuja kuuliza.