Picha za Watoto Siku ya Sikukuu: Kumbukumbu Inayopotea Arua na Koboko

Historia ya West Nile imeandikwa zaidi kwa majina ya wanajeshi. Mtu akitaja Koboko, msikilizaji humfikiria Idi Amin. Akitaja Arua, hufikiria vita na wakimbizi. Insha hii inatazama kumbukumbu ndogo zaidi: picha ya mtoto aliyevalishwa nguo mpya na kupelekwa kwa mpiga picha siku ya Idd au Krismasi. Hoja yangu ni kwamba picha hiyo ni ushahidi wa historia sawa na picha ya kiongozi, na kwamba eneo letu limepoteza ushahidi huo kuliko inavyodhaniwa.

Desturi ya kuwapiga watoto picha siku ya kuvaa vizuri ipo mahali pengi. Marekani watoto huvalishwa mavazi ya kutisha tarehe 31 Oktoba na wazazi huwapiga picha mlangoni. Afrika Mashariki siku hizo ni za sikukuu za dini. Studio zilitangulia mijini hasa pwani. Kwa mfano, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1930. Kutoka huko na miji mingine mikubwa, kazi hiyo ilienea hadi miji ya bara.

Wakati wa filamu, picha ilikuwa na gharama. Filamu ya kawaida ilitoa picha 36 tu, na ilipaswa kusafishwa kwenye chumba cha giza kabla ya mteja kuona chochote. Ndiyo maana mtoto katika picha za zamani husimama wima, mikono imenyooka, uso mkavu. Wengi hudhani watoto wa zamani hawakuwa na furaha. Sababu ni kwamba akitikisika, fedha ya mzazi imepotea. Kwa hiyo familia ilichagua siku moja ambayo mtoto alikuwa na nguo mpya, yaani sikukuu. Kanzu na kofia ya mtoto wa Kinubi, au gauni la Krismasi la mtoto wa Kilugbara, hutueleza mzazi alitaka mwanawe akumbukwe vipi.

Serikali nayo ilipiga picha. Amin alitawala kuanzia tarehe 25 Januari 1971 hadi Aprili 1979, na wapiga picha wa Wizara ya Habari walimfuata kila mahali. Mwaka 2015 negativu zipatazo 70,000 zilitambuliwa katika Shirika la Utangazaji la Uganda, na mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho, Kampala. Zinaonyesha mikutano, gwaride na hotuba. Mateso ya raia huonekana humo kwa nadra sana. Basi hata hazina kubwa namna hiyo huonyesha kile ambacho mwenye kamera alitaka kionekane.

Picha za familia hazikupata kabati la serikali. Baada ya Amin kuanguka, jeshi jipya lililipiza kisasi West Nile, hasa kuanzia Oktoba 1980. Watu wengi wa Arua na Koboko walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudani, na nyumba zikaporwa na kuchomwa. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, chakula na sufuria. Albamu hubaki ukutani au sandukuni. Matokeo yake ni kwamba sura ya Amin imehifadhiwa kwa maelfu ya negativu, lakini wazee wengi waliokuwa watoto wakati wake hawana hata picha moja ya utoto wao.

Mtu anaweza kupinga kwamba tatizo hilo limekwisha, kwa kuwa leo kila nyumba ina simu yenye kamera. Ni kweli kwamba picha zimekuwa nyingi, na watoto sasa hucheka ndani yake kwa sababu kukosea hakugharimu kitu. Lakini wingi si uhifadhi. Simu ikiibwa au ikianguka majini, sikukuu za miaka mitano huondoka pamoja nayo. Wakimbizi kutoka Sudani Kusini na Kongo walio Rhino Camp, Imvepi na Lobule wanaishi leo jambo lile lile lililowapata babu zetu, kwa mwelekeo wa kinyume.

Kwa hiyo, wanafunzi wa historia tusisubiri nyaraka za Kampala peke yake. Tuwaombe wazee ruhusa ya kunakili picha zilizosalia, tuandike nyuma yake jina, mahali, mwaka na sikukuu gani, kisha tuwarudishie za kwao. Picha isiyo na jina, baada ya kizazi kimoja, huwa ni ya mtoto yeyote tu.