Taya linagonga na una nyaya za meno: picha ipi inaona nini?

Siku hizi nyaya za kunyoosha meno zimekuwa fasheni mjini, na swali ninalokutana nalo sana ni hili: taya linalia "kta" nikipiga mwayo, je, nikapige picha? Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne, ila hili nimelichimba na naliweka hapa.

Weka kidole mbele ya sikio ufungue mdomo, utahisi kitu kinateleza. Hicho ndicho kiungo cha taya. Kuna kichwa cha mfupa wa taya la chini, kuna shimo lake kwenye fuvu, na katikati kuna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane. Kisahani kikiteleza mbele halafu kikarudi mahali pake wakati unafungua mdomo, ndiyo hiyo "kta".

Sasa picha. Anayefungwa nyaya kwa kawaida hupigwa OPG, ile eksirei ndefu ya meno yote. Vichwa vya taya vinaonekana pembeni kule, lakini ni uharibifu mkubwa tu unaojitokeza, mdogo unapita, na kisahani hakionekani kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa "OPG safi" usidhani kiungo kimeshapimwa. Skani ya CBCT inaonyesha mfupa vizuri zaidi, kama umelika au umeota vinundu, ila mionzi yake kwa kawaida ni mingi kuliko ya OPG, na kisahani nacho haikioni. Cha kisahani na maji yaliyojaa ndani ya kiungo ni MRI. Haina mionzi ya eksirei, unapigwa mdomo umefungwa kisha mdomo wazi. Kasheshe ni kwamba chuma cha nyaya huvuruga picha ya MRI, kwa hiyo sema mapema, waamue na daktari wako kama waya utolewe kwanza.

Halafu MRI ina mtego wake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1996 uliwapiga MRI watu wasio na shida yoyote ya taya, na karibu theluthi yao kisahani kilikuwa kimehama! Hawana maumivu, wanakula ugali wao kama kawaida. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya 2014 (vinaitwa DC/TMD) vinaanza na maswali na vidole vya daktari, picha baadaye. Mlio peke yake, bila maumivu na mdomo unafunguka vizuri, mara nyingi hauhitaji picha wala tiba.

Wanaonitia wasiwasi mimi ni wengine. Kuna ugonjwa unaokula kichwa cha taya, na wanaoupata zaidi ni wasichana wa umri wa sekondari. Kidevu kinarudi nyuma taratibu, meno ya mbele yanaacha kukutana. Mtu anadhani nyaya hazijakazwa vizuri, zinakazwa tena, kumbe mfupa nyuma unaisha. Hapo CBCT ni ya lazima kufikiriwa, tena mapema. Wapo pia watoto wenye baridi yabisi: kiungo kinaweza kuvimba bila kuuma hata kidogo, na MRI yenye dawa ya kung'arisha ndiyo inayogundua mapema. Ongeza aliyefungwa mdomo ghafla ukagoma kufunguka, na ambaye kidevu kinahamia upande mmoja.

Na je, nyaya zenyewe ndizo zinazoharibu kiungo? Mwaka 1987 huko Michigan, Marekani, baraza la mahakama lilimpa mgonjwa kijana dola 850,000 baada ya kumshtaki daktari wake kwa hilo. Madaktari walishtuka, chama chao kikagharamia tafiti, na matokeo yakachapishwa 1992: ushahidi kwamba nyaya husababisha ugonjwa huo haukupatikana. Hadi leo msimamo mkuu ni kwamba haziuleti wala haziutibu. Kwa hiyo ukiahidiwa kwamba nyaya zitaondoa mlio, shtuka.

Ila kabla hujafungwa, omba daktari aandike kwenye faili mdomo unafunguka milimita ngapi na kama kuna mlio. Na ile OPG ya kwanza dai nakala uitunze, maana miaka miwili baadaye bila ya zamani hakuna cha kulinganisha nacho.